Mashine ya Mvua: Kufundisha kwa Hadithi za Kubuni za Kisayansi

Utangulizi

Katika kipindi kimoja cha mazoezi ya kufundisha tulikwenda kumwangalia mwanachuo wetu katika shule ya msingi iliyo pembezoni mwa mji wa Sumbawanga. Darasa lilikuwa la Tano, somo lilikuwa Kiswahili, na mada ilikuwa insha ya kubuni yenye kichwa "Kijiji chetu baada ya miaka hamsini". Wanafunzi wengi waliandika yale ambayo kila mwalimu ameyazoea: barabara za lami, nyumba za ghorofa, umeme katika kila nyumba, na mwishoni sentensi moja ya kuhimiza upandaji wa miti. Mtoto mmoja wa kike aliandika jambo lingine. Katika kijiji chake mvua ilikuwa imekoma. Ikaletwa mashine ya kuteremsha mvua, ikafungwa juu ya mlima. Lakini mashine hiyo ilikuwa na mwenyewe, na mwenyewe aliuza mvua kwa shamba moja moja. Aliyelipa alinyeshewa, asiyelipa alitazama mawingu yakipita juu ya shamba lake kwenda kwa jirani.

Mwanachuo aliipiga insha hiyo mstari mwekundu, akaandika pembeni: "Mvua haiuzwi. Andika mambo ya kweli." Akatoa alama 4 kati ya 10. Nasi tuliokuwa tumeketi nyuma ya darasa na fomu zetu za tathmini hatukuona kosa lolote; tena tulimpa mwanachuo alama nzuri kwa kusahihisha kwa makini. Ilikuwa jioni, tulipokuwa tukiyapitia madaftari pamoja na wanachuo wote wa kituo hicho, ndipo mmoja wao alipouliza swali lililotunyamazisha: kama mada ilisema mwanafunzi abuni, mtoto huyu alikosa nini?

Makala haya ni jibu letu kwa swali hilo. Madhumuni yake ni matatu: kueleza maana ya hadithi za kubuni za kisayansi, hasa zile zinazohusu misukosuko ya mazingira na mitambo ya siku za karibuni zijazo, kuonyesha kwamba Ufipa na bonde la Ziwa Rukwa vina mali tele ya kutungia hadithi hizo, na kupendekeza hatua ambazo mwalimu wa shule ya msingi anaweza kuzifuata darasani. Hoja yetu kuu ni moja. Hadithi ya namna hii humzoeza mtoto kulifuata jambo moja, hatua kwa hatua, mpaka aone linamfikisha nani wapi. Wito wa "tutunze mazingira", hata ukiimbwa kila asubuhi mstarini, hauwezi kufanya kazi hiyo peke yake.

Maana ya hadithi za kubuni za kisayansi

Hadithi ya kubuni ya kisayansi ni hadithi inayobadilisha jambo moja katika dunia tunayoijua, kisha ikaeleza maisha ya watu yatakavyokuwa kutokana na badiliko hilo. Jambo hilo laweza kuwa chombo kipya, ugonjwa mpya, ukame usiokoma, au bahari iliyopanda. Hadithi huanza na swali: ingekuwaje kama?

Yafaa mwalimu aweze kuitofautisha hadithi hii na ngano, kwa sababu watoto wetu wamelelewa kwa ngano na huzipenda. Katika ngano sungura husema, na ungo huruka usiku na watu ndani yake. Hakuna msikilizaji anayeuliza ungo huo unaendeshwa na nini. Katika hadithi ya kisayansi swali hilo ni halali, na mtungaji analazimika kulijibu. Wenyeji husimulia kwamba jina la Sumbawanga maana yake ni "tupa uchawi". Twaweza kuwaambia wanafunzi, kwa kicheko kidogo, kwamba anayetaka kutunga hadithi ya kisayansi hana budi kutii jina la mji: uchawi auache mlangoni, aingie na sababu.

Kwa matumizi ya darasani tumeona kwamba kanuni tatu zatosha. Kwanza, jambo jipya liwe moja. Hadithi yenye mashine kumi haina nafasi ya watu. Pili, jambo hilo liwe na sababu inayoelezeka, hata kama sababu hiyo ni ya kubuni. Tatu, jambo hilo liwe na gharama: lazima pawe na anayenufaika na anayeumia, kwani hakuna chombo kilichowahi kuingia katika maisha ya binadamu bila ya kubadilisha nani ana nguvu na nani hana.

Hebu tuipime mashine ya mvua kwa kanuni hizo. Jambo jipya ni moja. Je, lina sababu inayoelezeka? Mwaka 1946, nchini Marekani, wataalamu walianza majaribio ya kunyunyizia mawingu barafu kavu ili yaangushe maji. Tangu hapo nchi kadhaa zimeendeleza kazi hiyo, na Umoja wa Falme za Kiarabu ni mojawapo. Njia hiyo haiwezi kuleta mvua pasipo mawingu. Husaidia tu wingu lililo tayari litoe zaidi ya lile ambalo lingetoa lenyewe. Kwa hiyo mtoto wa Sumbawanga, bila ya kujua, alikuwa amesimama karibu sana na jambo lililopo. Na kuhusu gharama, hiyo ndiyo iliyokuwa roho ya insha yake. Mwanachuo alikuwa amekata mstari juu ya sehemu iliyo bora kupita zote.

Jambo jingine la kusisitiza ni kwamba hadithi hizi si utabiri. Mwandishi wa Marekani, Octavia Butler, alichapisha mwaka 1993 riwaya iitwayo Parable of the Sower, inayoanza mwaka 2024. Katika riwaya hiyo ukame umekithiri, na maji yana bei kubwa kuliko petroli. Mwaka 2024 umekwisha kupita, na hatuna haja ya kuhesabu ni mangapi aliyapata na mangapi aliyakosa. Thamani ya kazi ya namna hiyo ni kutuonyesha njia inavyokwenda, ili tuweze kuamua kama twataka kuifuata. Mkulima anayekagua ghala lake mwezi wa Juni na kusema "tukila hivi, Januari tutalala njaa" hatabiri, anahesabu.

Mifano ya karibu nasi

Wanachuo wengine hudhani kwamba hadithi hizi ni mali ya Ulaya na Marekani. Dhana hiyo si sahihi. Mwaka 2009 mtengenezaji filamu wa Kenya, Wanuri Kahiu, alitoa filamu fupi ya dakika zipatazo 20 iliyopewa jina la Kiswahili, Pumzi. Hadithi yake hutokea Afrika Mashariki, miaka 35 baada ya vita vya tatu vya dunia, vita vilivyopiganiwa maji. Watu waliosalia wanaishi ndani ya jengo lililofungwa, kwa kuwa inasemekana nje hakuna uhai. Jasho na mkojo husafishwa na kunywewa tena, na umeme hupatikana kwa watu kufanya mazoezi juu ya mitambo. Kila mtu hupimiwa maji yake. Hata ndoto hukatazwa kwa vidonge.

Mhusika mkuu, Asha, ni mtunzaji wa makumbusho ya viumbe wa asili. Siku moja anapokea udongo ambao haujulikani umetoka wapi. Anaupima, anaukuta una unyevu, na mbegu aliyoipanda humo inachipua. Wakubwa wanamkatalia ruhusa ya kutoka nje. Anatoroka, anavuka jangwa na mche mkononi, anaupanda, anaumwagia maji yake ya mwisho, na kuukinga jua kwa mwili wake mwenyewe.

Tunawaomba wanachuo waitazame hadithi hiyo kwa kanuni zetu tatu. Jambo jipya ni moja: maji yamekwisha. Kila kitu kingine, kuanzia kipimo cha maji hadi vidonge vya kuzuia ndoto, kimetokana na hilo. Gharama yake ni dhahiri, maana anayegawa maji ndiye anayeamua nani aruhusiwe kuona nini. Tena mizizi ya hadithi iko katika ardhi yetu. Kenya ndiyo nchi ambako Wangari Maathai alianzisha mwaka 1977 harakati za kupanda miti zilizompatia Tuzo ya Amani ya Nobel mwaka 2004. Shule isiyo na umeme haitaweza kuionyesha filamu yenyewe, lakini mwalimu aliyeiona anaweza kuisimulia kwa mdomo katika dakika 10, nayo haitapoteza nguvu yake.

Katika riwaya za Kiswahili upo pia mfano wa Walenisi ya Katama Mkangi, iliyotoka mwaka 1995. Humo mhusika aitwaye Dzombo anafika, kwa chombo cha angani, katika nchi ya mbali yenye maisha ya usawa. Ukilikata jina la nchi hiyo vipande utapata "wale ni sisi". Riwaya hiyo ni ya watu wazima, na hatupendekezi isomwe katika shule ya msingi. Tunaitaja kwa sababu jina lake linafundisha jambo ambalo mwalimu hapaswi kulisahau: wale wa kesho tunaowabuni ni sisi wenyewe.

Mali iliyopo Ufipa

Kosa ambalo wanachuo hulifanya mara nyingi ni kumwambia mtoto aanzie angani, katika vyombo ambavyo hajapata kuviona. Mtoto hawezi kubuni vizuri kutokana na kitu asichokijua. Aanzie nyumbani. Mathalani, mwalimu wa Ufipa anazo hazina tano zifuatazo.

Hazina ya kwanza ni Ziwa Rukwa. Mji wa Sumbawanga upo kwenye mita zipatazo 1,800 juu ya usawa wa bahari. Ziwa lipo bondeni, kwenye mita zipatazo 800, chini ya kuta za Lyamba lya Mfipa. Mito kama Momba na Songwe huingia humo, lakini hakuna mto unaotoka. Maji huondoka kwa kupanda hewani kama mvuke. Kwa sababu hiyo ziwa hili hupanda na kushuka upesi kuliko maziwa mengine. Maelfu ya miaka iliyopita lilikuwa na kina kikubwa kiasi cha kumwaga maji yake katika Ziwa Tanganyika; na katika karne ya 20 zilikuwapo nyakati ambazo sehemu yake ya kaskazini ilikauka na kuwa mbuga. Mtoto akiandika kwamba ziwa limetoweka, asiambiwe kuwa amezidisha chumvi. Ziwa lenyewe limekwisha kuonyesha kwamba linaweza.

Hazina ya pili ni nzige wekundu. Baina ya mwaka 1930 na 1944 makundi ya nzige hao yalienea katika sehemu kubwa ya Afrika iliyo kusini ya Ikweta. Ilipochunguzwa asili yao ilionekana kwamba huzaliana katika mabonde machache tu yenye majani na mafuriko, na bonde la Rukwa ni mojawapo. Mwaka 1949 iliundwa taasisi ya kimataifa ya kuwadhibiti, yenye makao makuu Abercorn, mji ambao leo huitwa Mbala, ng'ambo ya mpaka katika Zambia. Mwaka 2009 nzige walipochachamaa tena, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa lilisaidia kunyunyiza, katika mbuga ya Iku huko Katavi na kwingineko, dawa iliyotengenezwa kwa aina ya kuvu inayoua nzige bila ya kudhuru viumbe wengine kama zifanyavyo sumu za kawaida. Kiumbe mdogo amefugwa ili amuue kiumbe msumbufu: je, hiyo haitoshi kuanzishia hadithi? Ingekuwaje kama kuvu hiyo ingebadilika?

Hazina ya tatu ni matanuri ya chuma. Wafipa walikuwa mafundi hodari wa kuyeyusha chuma. Walijenga tanuri refu la udongo liitwalo ilungu, lenye kimo cha mita tatu hivi, ambalo lilivuta hewa lenyewe bila ya mivukuto. Kisha chuma kikasafishwa katika tanuri dogo liitwalo kitengwe. Ilikuwa teknolojia ya hali ya juu, iliyogunduliwa na kuendelezwa na wananchi wenyewe. Lakini tanuri hutaka makaa, na makaa hutaka miti. Mwalimu awaulize wanafunzi: kama tungeishi zama hizo, na jembe moja lingegharimu sehemu ya msitu, tungeamua nini? Kwa swali hilo mtoto ataelewa kwamba mvutano baina ya chombo na mazingira haukuanza na magari.

Hazina ya nne ni kilimo cha ntumba. Mkulima wa Ufipa hufukia majani chini ya matuta ya duara mwishoni mwa masika, majani yakaoza na kuwa mbolea, akapanda maharage. Msimu unaofuata matuta hutawanywa na nafaka hupandwa. Katika hadithi ya kesho si lazima mwokozi awe mashine iliyotoka ng'ambo. Laweza kuwa jembe la bibi, likieleweka sababu yake ya kisayansi.

Hazina ya tano ni gesi ya heliamu. Mwaka 2016 watafiti wa vyuo vikuu vya Oxford na Durham, pamoja na kampuni ya Helium One, walitangaza kuwapo kwa gesi hiyo katika bonde la Rukwa. Heliamu huzaliwa polepole mno ndani ya miamba ya kale yenye urani, na hutumika kupoza sumaku za mashine za hospitali zinazopiga picha za ndani ya mwili. Ni nyepesi kiasi kwamba ikitoka chini bila ya kukamatwa hupaa na kupotea kabisa. Hapa pana swali la kweli la kesho yetu: gesi ikichimbwa bondeni, mwanakijiji wa bondeni atapata nini, na ziwa lake litabaki na nini?

Tunaongeza mfano mmoja wa nje ya mkoa, kwa ajili ya wanafunzi wanaopenda vyombo. Mwaka 2018 ndege ndogo zisizo na rubani zilijaribiwa kupeleka dawa kisiwani Ukerewe katika Ziwa Victoria. Chombo hicho kipo tayari. Mtoto anachotakiwa kubuni ni maisha ya watu watakapokizoea.

Hatua za kufundisha

Somo tunalolipendekeza huchukua vipindi viwili vya dakika 40 kila kimoja, katika Darasa la Tano au la Sita. Laweza kuingizwa katika Kiswahili au katika sayansi. Zana zinazohitajika ni ubao, chaki, na karatasi.

Hatua ya kwanza: Kuchagua kitu. Mwalimu awaulize wanafunzi: "Ni kitu gani hapa kwetu ambacho kikitoweka, au kikiongezeka mno, maisha yetu yatabadilika?" Majibu yaandikwe ubaoni yote bila ya kuchaguliwa: kuni, samaki wa Rukwa, mahindi, nyuki, msitu wa Milima ya Mbizi pamoja na mbega wake wekundu. Darasa lichague kimoja.

Hatua ya pili: Swali. Wanafunzi watunge sentensi moja inayoanza na maneno "Ingekuwaje kama". Mwalimu asikubali sentensi yenye mambo mawili.

Hatua ya tatu: Ngazi ya matokeo. Hii ndiyo kiini cha somo. Mwalimu achore ngazi ubaoni, kisha kwa kila kidato aulize neno moja tu: "Halafu?" Mathalani: ziwa limekauka. Halafu? Samaki wamekwisha. Halafu? Wavuvi wamepanda uwanda wa juu kutafuta mashamba. Halafu? Ardhi haitoshi. Halafu? Mtu mmoja ameleta mashine inayolima usiku na mchana. Halafu? Vibarua hawana kazi. Kila kidato kitokane na kile kilicho chini yake. Mwanafunzi akiruka, mwalimu asimkaripie; amwulize tu amepandaje hapo. Vidato vitano au sita vyatosha.

Hatua ya nne: Kumweka mtu ngazini. Wanafunzi wakae katika vikundi vya watano. Kila kikundi kichague kidato kimoja na kumweka hapo mtu mmoja mwenye jina, mwenye haja, na mwenye uamuzi wa kufanya. Mhusika asiyelazimika kuamua lolote haleti hadithi, huleta taarifa.

Hatua ya tano: Kuandika na kusomeana. Kipindi cha pili kitumike kuandika, kila mwanafunzi peke yake, kurasa moja au mbili. Dakika 10 za mwisho wanafunzi wawili au watatu wasome kazi zao kwa sauti, na wenzao waulize maswali. Swali lililo bora kuliko yote ni lile lile: "Halafu?"

Kusahihisha

Kusahihisha ndiko kulikotuangusha, kwa hiyo tunakueleza kwa urefu kidogo. Mwalimu lazima atenge makosa ya ukweli na mambo ya kubuni. Mtoto akiandika kwamba maji ya Ziwa Rukwa hutiririka hadi Bahari ya Hindi, hilo ni kosa la ukweli, nalo lisahihishwe. Mtoto akiandika kwamba mwaka 2075 maji ya Rukwa yanavutwa na bomba hadi uwanda wa juu, hilo ni jambo la kubuni, nalo lisipigwe mstari. Aulizwe tu ni nguvu gani inayoyapandisha maji mlima wa mita elfu moja. Swali hilo litamfunza fizikia kuliko mstari mwekundu.

Tunapendekeza alama 10 zigawanywe hivi: alama 2 kwa jambo jipya lililo wazi, alama 3 kwa ngazi ya matokeo isiyoruka, alama 3 kwa mhusika mwenye haja na uamuzi, na alama 2 kwa lugha. Kwa kipimo hicho insha ya mashine ya mvua ingepata alama 2, kisha 3, na za lugha 2. Katika mhusika ingekosa, kwa kuwa mtoto alieleza kijiji kizima bila ya kumtaja mtu hata mmoja. Jumla ingekuwa 7, pamoja na neno la ushauri: "Tuonyeshe mtu mmoja." Tofauti ya 4 na 7 yaweza kuonekana ndogo. Lakini 4 ilimwambia mtoto kwamba hakupaswa kufikiri alivyofikiri; 7 ingemwambia afikiri zaidi.

Tahadhari

Kuna mambo matatu ya kujihadhari nayo. La kwanza ni hofu. Mwalimu asifundishe maangamizi hadi mtoto akatoka darasani akidhani kwamba dunia imekwisha kuharibika na yeye hana la kufanya. Kila hadithi iache japo mlango mmoja wazi. La pili ni faraja ya uongo, ambayo ni kinyume cha hofu: mashine inatokea ukurasa wa mwisho na kutatua kila kitu. Mashine ya namna hiyo ni ule ungo wa ngano uliopakwa rangi ya chuma. La tatu ni mahubiri. Mwanafunzi akilazimishwa kumalizia hadithi yake kwa "kwa hiyo tupande miti", atajifunza kwamba mwalimu anataka sentensi hiyo tu, na ataiandika maisha yake yote pasipo kupanda hata mti mmoja. Hadithi ikiwa na mantiki, haja ya mti itaonekana yenyewe.

Hitimisho

Siku mbili baada ya mazungumzo yale ya jioni, mwanachuo wetu alirudi darasani akamwita yule mtoto mezani pake. Hakumkaripia wala hakumwomba radhi kwa maneno mengi. Alimwuliza: "Kwa nini uliandika kuwa mvua inauzwa?" Mtoto alinyamaza kitambo, kisha akajibu kwa sauti ndogo: "Mwalimu, maji ya ndoo tunayonunua, si yalikuwa mvua?"

Hatukuwa na jibu, wala mwanachuo hakuwa nalo. Wino mwekundu haufutiki. Basi alibandika karatasi nyeupe juu ya maneno yake, akamwambia mtoto aiendeleze hadithi na kumweka humo mtu mmoja. Mtoto akamweka bibi mwenye shamba dogo mteremkoni. Bibi huyo hakuwa na fedha ya kununua mvua, lakini jirani yake wa juu alinunua, na maji yaliyozidi yakateremka. Bibi akachimba mtaro, akayapokea. Mwenye mashine alipopata habari, akaja kudai alipwe. Hadithi ikaishia hapo, pale mtaroni, watu wawili wakiwa wamesimama pande mbili za maji.

Insha iliposomwa darasani wanafunzi waligawanyika. Wengine walisema maji yakishaanguka ni ya ardhi. Wengine walisema mwenye mashine ana gharama zake. Mmoja akataka kujua nani alimpa kibali cha kuufunga mlima. Mabishano yaliendelea hata kengele ilipogongwa. Watoto wa miaka 11 walikuwa wakijadili jambo ambalo huenda wakalazimika kuliamua wakiwa na miaka 40, nao walikuwa na muda wa kutosha wa kulifikiria.

Kwa hiyo, ndugu mwanachuo, utakapokuta katika daftari jambo usilolitarajia, iweke chini kalamu nyekundu kwa muda. Jiulize kwanza kama ni kosa la ukweli. Kama sivyo, mwulize mtoto: "Halafu?"